Damu ya Mapacha

Nilipokuwa mtoto kule Bangwe, hakuna aliyeniita peke yangu. Mimi Bukuru, pacha wangu Toyi, na watu walituita kwa pamoja hata mmoja akiwa hayupo. Tulifanana mno. Mama mwenyewe alitutambua kwa kovu la kisogoni mwa Toyi.

Tulikuwa na miaka tisa Toyi aliposhikwa na homa. Mama alikuwa anawahi dagaa soko la Kibirizi, akamwachia maagizo Bibi, mama yake baba: "Mama, mpeleke zahanati akapimwe damu. Tafadhali." Bibi akaitika. Mama alipotoka tu, Toyi akaanza kutetemeka mwili mzima, macho yakageuka.

"Degedege hilo," Bibi akasema. "Mtoto wa degedege hachomwi sindano. Ukimchoma umemuua."

Msimcheke. Mtaa mzima uliamini hivyo. Lakini alikuwa ameshaahidi, na mkwewe alikuwa mkali. Akanitazama.

"Bukuru, vaa viatu. Damu yenu ni moja. Wakipima yako, wamepima yake."

Jamani, nilivyofurahi! Nilijiona naenda kumwokoa pacha wangu. Tukamwacha Toyi kwa jirani. Kule zahanati nikaitikia jina lake, nikatoa kidole, sikulia. Mpimaji, kaka mmoja mpole, akanisifu. Baadaye akatuita dirishani: "Toyi hana wadudu wa malaria. Homa ikiendelea, mrudisheni."

Bibi alifurahi njia nzima. Si malaria, basi ni degedege tu, na degedege alilijua. Akamfukiza Toyi moshi wa mavi ya tembo. Mama aliporudi akaonyeshwa kikaratasi cha majibu, akashusha pumzi. Siku ya pili asubuhi Toyi hakuamka.

Nilijua kila kitu, nikanyamaza. Bibi naye hakukaa sana, akafariki, nikabaki na siri hiyo peke yangu.

Leo nafanya kazi maabara. Kutwa nimeinamia hadubini, natafuta wadudu kwenye damu za watu. Kila mtoto namuuliza jina lake, kisha namuuliza aliyemleta, mpaka wenzangu wananitania kwamba nahoji kama polisi. Nacheka nao. Huenda damu ya Toyi ilijaa malaria, na dawa ilikuwepo palepale kabatini. Huenda. Hata hilo sitalijua kamwe, na linaniuma.

Mama bado anaishi Bangwe. Tukimtaja Toyi, anamlaani yule mpimaji. "Aliangalia nini yule mtu? Kaniulia mwanangu kwa uvivu!" Kaka wa watu hakukosea. Damu aliyopewa aliisoma sawasawa, na miaka yote hii anabeba lawama yangu na ya Bibi.

Mwezi uliopita nilikaza moyo. Tulikuwa wawili tu, tunachambua mchele. Nikasema, "Mama, siku ile ya zahanati..."

Akaniwahi. "Niache, mwanangu. Bora Mungu aliniachia wewe."

Nikaendelea kuchambua mchele.