Kiberiti cha Upele

Kila mwaka, ninapoanza somo la polima hapa shuleni Tumbi, naweka mezani kipande kikuukuu cha tyubu ya baiskeli na kuuliza, "Hiki ni nini?"

"Mpira, mwalimu!"

"Mpira gani?"

Wameshakariri kwamba poli ni nyingi na meri ni sehemu, kwa Kigiriki, ingawa darasani hamna Mgiriki hata mmoja. Watakutajia polima za asili bila kukohoa: mpira, pamba, sandarusi. Za kutengenezwa pia: nailoni, plastiki. Waulize sasa kwa nini ndoo ya plastiki ikisogezwa motoni inalegea na tairi halilegei, uone wanavyoitazama dari. Hasira hunipanda. Ndipo ninapoweka chaki chini na kuwasimulia habari za babu yangu, Mashaka Mwinyijuma, fundi baiskeli wa Mlandizi.

Ilikuwa mwaka 1943, wakati wa vita. Mjapani alikuwa ameiteka Malaya, kulikotoka sehemu kubwa ya mpira wa dunia, na madukani hakukuwa na tairi wala tyubu. Serikali ikaikumbuka miti ya mpira iliyopandwa zamani za Mjerumani, na wanaume wakawa wanachukuliwa kwa lazima kwenda kuigema kwenye makambi ya mbali. Orodha ya majina ya upande wetu ilikuwa mkononi mwa Jumbe Mwinyimadi. Jina la babu lilikuwemo.

Bibi yangu, Mwanne, alikuwa na mimba ya miezi saba. Watoto wawili wa kwanza walikuwa wamekufa, na wa pili alizikwa baba yake akiwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge. Babu alirudi akaonyeshwa kaburi. Safari hii alikuwa amemwahidi mkewe, "Huyu atazaliwa nikiwepo." Hakuwa na ombi lingine duniani.

Ijumaa moja Jumbe akaja akiikokota baiskeli yake.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Mashaka, tyubu ya nyuma imechanika. Jumatatu napeleka orodha Kisarawe. Baiskeli ikinifikisha, jina lako nalikata, maana fundi ni mtu wa kutumika hapa hapa. Isiponifikisha..." Hakumalizia, wala hakukuwa na haja.

Viraka vya dukani havikuwepo. Babu alikuwa na bonge la mpira mbichi tu, utomvu wa mtoria, mmea wa kutambaa wa porini, aliougandisha kwa ndimu. Aliujua vizuri ubaya wake: asubuhi unashika, jua la saa sita likiupata unakuwa ulimbo wa kutegea ndege. Hapo nawaambia wanafunzi wangu wasikie. Mpira mbichi ni minyororo mirefu mno, kila mmoja umeungwa kwa maelfu ya vipande vidogo vinavyofanana, na minyororo hiyo imelala ovyo kama tambi kwenye bakuli. Ikipata joto inateleza, kila mmoja na njia yake. Wataalamu wenyewe walibishana sana, na miaka ya 1920 Mjerumani mmoja aliyeshikilia kwamba ni molekuli ndefu kweli alichekwa na wenzake. Babu hakuwa na habari hizo. Yeye alijua kwamba kiraka kitateleza njiani, naye atachukuliwa.

Mdogo wake, Abeid, alikuwa kibarua wa gereji Dar es Salaam, na aliwahi kumwandikia hivi: "Kaka, mpira mbichi uchanganye na kiberiti, kisha uupashe moto saa nyingi. Ndivyo wanavyofanya Wazungu."

Jumamosi babu akachukua viberiti vitatu, mali kubwa wakati ule wa vita, akakwangua vichwa vya njiti zote, akavinyunyiza juu ya mpira na kuanza kuusukuma juu ya ubao kwa chupa kama mtu anayesukuma chapati. Alisukuma mara mbili. Ya tatu ubao ukalipuka. Nusu ya mpira iliungua, nyusi zake zikaenda, na mkono wa kushoto ukatoka malengelenge. Akakaa chini palepale akalia, mtu mzima, bila kujificha.

Bibi akatoka mbio. "Unafanya nini, baba wee?"

"Abeid kasema nichanganye na kiberiti!"

Bibi akautazama ubao, akaviona vijiti. "Kiberiti gani? Cha kuwashia au cha upele?"

Babu akamnyooshea kasha tupu la kiberiti. Bibi aliniambia kwamba alicheka mpaka akajishika tumbo, huku machozi ya hofu yanamtoka. Ndani alikuwa na unga wa manjano kwenye karatasi, ule wa zahanati, anaouchanganya na mafuta ya nazi kumpaka mtoto wa jirani aliyejaa upele. Vitabu vyangu vinauita salfa. Watu wa kwetu waliuita kiberiti upele, na Abeid hakuona haja ya kuandika neno la pili!

Jumapili, saa moja asubuhi, kazi ikaanza. Unga ukakandwa ndani ya nusu ya mpira iliyobaki, kiraka kikalazwa juu ya mchaniko, juu yake kipande cha bati, na juu ya bati pasi ya mkaa. Pembeni mwa bati babu aliweka punje ya unga uleule iwe kipimo chake. Ikibaki kavu, joto halitoshi. Ikiyeyuka ikawa manjano, sawa. Ikianza kuwa nyekundu, toa mkaa upesi. Hakukuwa na mpira wa kujaribia tena. Kwa saa saba hawakuongea ila "ongeza" na "punguza", na babu alipokwenda kuswali adhuhuri bibi ndiye aliyeshika zamu, mgongo ukimuuma.

Salfa hufunga mnyororo mmoja na mwingine, hapa fundo, pale fundo. Ukishafungwa hivyo, mpira hauyeyuki tena kwa joto, na ukiuvuta unarudi mahali pake. Mmarekani mmoja alikuwa amelivumbua jambo hilo miaka mia moja na ushei kabla. Alasiri babu alikivuta kiraka, akakiachia. Kikarudi.

Jumatatu Jumbe akapanda keria. "Utaniendesha mwenyewe. Likipasuka, unaunganisha safari ya kambini."

Jumbe alikuwa mzito, na uzito wote ulikaa juu ya kile kiraka. Walipopita Mbwawa jua lilikuwa linachoma. Jumbe aliongea njia nzima. Babu alisikiliza tairi tu. Kwenye mteremko mmoja akasikia fyuuu. Akaruka chini, akalibonyeza tairi. Gumu. Ilikuwa sauti ya mchanga tu.

Wakafika Kisarawe. Jumbe alikuwa mtu wa ahadi: akaikunjua orodha na kulikata jina la babu mbele ya macho yake. Babu akamshukuru Mungu kwa sauti.

Karani wa bomani akaishangaa baiskeli. "Wenzako wote wamekuja kwa miguu, Jumbe. Tyubu umeipata wapi?"

Jumbe akavimba kichwa. "Nina fundi mimi! Anapika mpira nyumbani, kwa pasi ya mkewe!"

Karani akaingia ndani, akatoka na Mzungu wa mambo ya mpira. Tyubu ikatolewa, kiraka kikavutwa, kikarudi. Mzungu akamtazama babu, akasema maneno machache. Karani akaandika jina upya, na mbele yake: anaujua mpira. Lori liliondoka naye siku ileile. Jumbe alisihi mpaka akavua kofia, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Mama yangu alizaliwa miezi miwili baadaye, akaishi. Babu alirudi mwaka 1946, na mwanawe alipomwona alikimbilia nyuma ya nyumba.

Lakini ninalowaachia wanafunzi ni la kesho yake baada ya safari ile, Jumanne. Bibi alisikia baiskeli, akatoka na kata ya maji kwa ajili ya mumewe. Alikuwa Jumbe, peke yake. Akamweleza yote, macho chini. Bibi hakulia mbele yake. Aliinama kwa taabu, akalibonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba. Lilikuwa limejaa upepo.

"Jina lilishakatwa, si ungeachia tu," akakiambia kile kiraka.