Delphia Aliyekataa Kuoshwa Miguu

Wifi yangu Delphia alikuwa mtu wa Mungu tangu utotoni, na alikuwa na mdomo. Bonde zima lilimpenda kwa hilo la kwanza na kumwogopa kwa hilo la pili. Kaka yangu Orbin alipomwoa, mama yetu alinung'unika kwamba mwanawe ameingiza redio ndani ya nyumba. Orbin akacheka, akasema angalau redio hiyo hailipiwi umeme.

Orbin alikuwa msimamizi wa kikosi katika mgodi wa makaa ya mawe wa Rudell Napier, juu ya kijito cha Lick Fork. Rudell si mtu wa kuja. Alikula maharage na mkate wa mahindi jikoni kwa mama yetu akiwa bado na kamasi, na alibatizwa pamoja na Orbin, siku ile ile, kijito kikiwa na barafu pembezoni. Nasema haya ili ieleweke kwamba aliyetuumiza hakutoka mbali.

Ndani ya mgodi huachwa nguzo za makaa yenyewe, zishike dari. Makaa mengine yakiisha, mwenye tamaa huzitazama nguzo hizo kama mlevi anavyotazama chupa ya mwenziwe. Jioni moja Orbin alirudi nyumbani, akakaa barazani bila kuvua buti, akamwambia mkewe, "Rudell anataka tukate nguzo. Nimemwambia dari inalia. Nimemwambia hapana."

Kesho yake dari iliwaangukia, wakafa yeye na wenzake wawili. Wa nne, Clell Bowling, ndiye peke yake aliyetoka hai.

Wakaguzi walikuja, wakaweka meza shuleni, wakawasikiliza watu. Rudell aliapa kwamba alikataza nguzo zisiguswe, kwamba Orbin ndiye aliyezikata kwa pupa yake ya kuonekana hodari. Clell naye akaapa hivyo hivyo, macho yakiwa sakafuni. Delphia alisimama akasema alichoambiwa na mumewe barazani. Bwana mmoja mwenye miwani akamwambia kwa upole kwamba maneno ya marehemu kwa mkewe si ushahidi. Ikaandikwa kwamba kosa ni la Orbin.

Haikupita miezi mingi, Clell akapewa cheo cha Orbin.

Ningeweza kuvumilia yote hayo. Lililonichoma ni Maudie, mjane wa mmoja wa wale wawili. Alikutana na Delphia dukani, mbele ya magunia ya unga, akatema mate chini kati yao.

"Mumeo kamuua wangu," alisema. "Usinipe pole yako. Kaipike."

Delphia, mwanamke yule mwenye mdomo, alirudisha unga mahali pake, akatoka. Kwenye gari aliniambia, "Rudell amemuua Orbin mara mbili, wifi. Mara ya pili amewapa watu mawe wamsaidie."

Basi tukasubiri mkono wa Bwana. Mkono ukaja, lakini ulikuja na baraka. Rudell akafungua mgodi mwingine. Akajenga nyumba ya matofali juu ya kilima, akanunua gari refu jeupe, na ng'ombe wake wakazaa mapacha. Mwanawe akaenda kusomea sheria. Kanisa letu dogo lilipovuja, Rudell alileta paa jipya, na Mchungaji Hobart Sizemore akamfanya shemasi. Na Rudell alijua kulia. Akishika maandiko tu, machozi hayo.

Kwetu, wakati wa maombi kila mtu huomba kwa sauti, la kwake. Jumapili moja sauti zilizimika moja moja kama mvua inapokatika, ikabaki ya Delphia.

"Mkono wake ukauke, Bwana. Nyumba yake iote nyasi sebuleni. Usimuue usingizini, hapana, mwache aishi aone. Na usiniambie ningoje, maana nimengoja."

"Amina!" Rudell akaitikia kutoka mbele, kwa mazoea, macho yamefumbwa.

Mimi nilicheka. Sikuwa nimebatizwa bado, kwa hiyo hawakuwa na cha kunifukuzia.

Mchungaji alikuja kwa Delphia siku iliyofuata. Hakukaribishwa ndani. Alisimama kwenye ngazi za baraza na kofia mkononi, sisi tukivunja maharage mabichi.

"Dada Delphia, Bwana anatuagiza tusamehe."

"Ameniomba msamaha?"

"Nani?"

"Nani tena, Mchungaji? Unakula kuku wake kila Jumapili, jina lake limekupotea?"

Akageuza kofia. "Tumwachie Bwana."

"Nimemwachia. Ndiyo maana Rudell bado ana magoti mawili. Nisingemwachia Bwana, ungekuwa umeshamzika. Ila kumwachia si kumnyamazia."

"Mungu hasahau, dada."

"Basi hatakasirika nikimkumbusha."

Mchungaji akaenda zake. Delphia akavunja maharage kwa hasira hata nusu yakaruka uani kwa kuku.

Kanisa letu huoshana miguu mara moja kwa mwaka, wanaume upande wao, wanawake upande wao. Mtu hukuchagua wewe, hupiga magoti mbele yako, na hukatai. Sijawahi kusikia aliyekataa. Mwaka ule mke wa Rudell, Icie, alichukua beseni na taulo, akavuka safu zote za wanawake, akapiga magoti mbele ya Delphia. Kanisa zima likashusha pumzi. Wengine walianza kulia hapo hapo. Waliona amani imefika.

Delphia aliivuta miguu chini ya benchi.

"Inuka, Icie."

"Delphia, mpenzi, niache tu nikuoshe."

"Nani kakutuma?"

"Moyo wangu."

"Moyo wako unalala kitanda kimoja na nani?" Sauti yake haikuwa kubwa, lakini watoto waliacha kuchezea viti. "Mwambie mumeo aje yeye. Alitaje jina la Orbin. Hata maji asilete."

Rudell akasimama upande wa wanaume, bila viatu, suruali imekunjwa. "Huyu mwanamke ana pepo," alisema. "Mke wangu kajishusha mbele yake, naye anamdhalilisha nyumbani mwa Bwana!"

"Sina pepo, Rudell. Nina mume kaburini, na juu yake umemlundikia wafu wawili ambao si wake."

Akanyanyua lile beseni. Nilidhani atalitupa. Alilibeba kwa utulivu kabisa, akapita katikati ya kanisa, maji hayamwagiki hata tone, mpaka mbele ya Rudell, akamwagia miguuni yote kwa mkupuo.

"Haya. Umeoshwa. Sasa sema."

Rudell alimwangalia tu, na kwa mara ya kwanza nikaona macho yake yakiwa makavu.

Walimwekea kikao. Kanisa letu halifukuzi mtu bila kumpa nafasi ya kutubu, kwa hiyo Mchungaji akamuuliza kama anatubu. Delphia akasema, "Natubu kumwaga maji. Yalikuwa safi." Wakapiga kura, akatengwa. Maudie alikuwa wa kwanza kuinua mkono.

Mtu mwingine angehama kanisa. Delphia alibeba kiti chake cha jikoni kila Jumapili, akakiweka nje chini ya dirisha, akaimba pamoja nao. Kwetu kiongozi hutoa mstari, watu wakaufuata kwa sauti ya kuvuta, ya huzuni, na ya Delphia ndiyo iliyokuwa inavuta kuliko zote. Wakafunga madirisha. Ilikuwa Julai. Nilikuwa ndani, natiririka jasho pamoja na mashemasi, na bado tulimsikia.

Miaka ikaenda. Mwana wa Delphia na Orbin akahamia jimbo la Ohio kutafuta kazi. Kijito kikafurika, kikaingia nyumbani mwa Delphia, kikaacha tope mpaka kwenye madroo. Nyumba ya Rudell ilikuwa juu kilimani, haikuguswa. Nilimkuta Delphia kwenye shamba lake la mahindi, akipiga udongo kwa jembe.

"Unaona?" alikuwa anasema. "Unaona wewe, au umepumzika?"

Nikajibu kwamba naona. Akageuka. "Sisemi na wewe, wifi."

Nilichoka siku hiyo, nami nikasema lililokuwa moyoni. "Acha basi kuomba. Anakusikia au hakusikii, Rudell ndiye anayenenepa."

Aliegemea jembe. Uso wake ulikuwa wa kupigana, si wa kushauriwa. "Nikiacha, nitamlalamikia nani? Wakaguzi? Mchungaji anayekula kuku? Amebaki mmoja tu anayejua Orbin hakuzikata zile nguzo, na huyo sitamruhusu apumzike."

Lakini alikuwepo na wa pili aliyejua.

Clell Bowling aliugua mapafu, yale mapafu meusi yanayowamaliza watu wa mgodini kwa kuwanyima pumzi kidogo kidogo. Jumapili ya mwanzo wa vuli alikuja kanisani akiegemea bega la mkewe, mtungi wa hewa ukiburutwa nyuma. Wakati wa ushuhuda alisimama. Ilimchukua muda mrefu kusimama.

"Niliapa uongo," alisema.

Tukasikia mtungi ukikoroma.

"Orbin alikataa. Mbele yetu sote. Rudell akamwambia... asiyetaka kuingia aende kwao, asirudi. Sote tulikuwa na watoto. Orbin akasema kama ni hivyo... ataingia yeye mbele. Ili asikie dari kabla yetu."

Rudell aliinuka. Hakukana. Alianzisha wimbo! Alitoa mstari kwa ile sauti yake nzuri ya shemasi, na Mungu anisamehe kwa kuwachukia, kuna walioufuata. Watu wazima, wenye mvi, wakaanza kuimba juu ya sauti ya mtu asiye na pumzi.

"Nyamazeni!" Maudie alikuwa amepanda juu ya benchi, na viatu vyake. "Funga domo lako, Rudell Napier! Mwacheni aseme! Clell, sema tena. Wangu alikufa kwa nani?"

Clell akaelekeza kidole. Pumzi ya kutaja jina haikuwepo.

Rudell akachukua kofia, akatoka. Nje alikuwepo Delphia kwenye kiti chake, na dirisha lilikuwa wazi siku hiyo. Alikuwa amesikia kila neno. Nilikuwa nimeshatoka mlangoni, nikawasikia.

"Umefurahi sasa?" Rudell akamuuliza.

"Bado," alisema Delphia.

Ningependa kusema kwamba sheria ilimkamata. Haikumkamata. Clell alikufa kabla majani hayajaisha kuanguka, na mwendesha mashtaka alituambia kwamba mambo ni ya zamani mno na shahidi hayupo. Rudell akahamia kanisa moja kubwa mjini, wakampokea na kwaya. Mwanawe akawa hakimu. Ng'ombe waliendelea kuzaa mapacha.

Maudie alikuja mpaka kwenye lango la Delphia, akasimama hapo kama mtu aliyeleta barua ya kifo.

"Sijui nianzie wapi," alisema.

"Ulijua ulipotema mate," Delphia akamjibu kutoka barazani. Akamwacha asimame, tena kwa muda mrefu. Mimi niliona vibaya nikataka kwenda kumfungulia, akanizuia kwa mkono. Halafu akasema, "Lango halina kufuli. Maharage yako jikoni. Usiniombe nikupakulie."

Maudie aliingia, akajipakulia. Walikula bila kuongea. Walipoanza kuongea baadaye sikuwepo, lakini tangu hapo kila Krismasi walipika pamoja, huku wakigombana juu ya chumvi.

Kanisa lilimrudisha Delphia. Alitoa sharti moja: Mchungaji asimame alipokuwa amesimama siku ya kura, ataje jina la Orbin Stidham, na aseme hakuwaua wenzake. Hobart Sizemore alisimama, akasema. Mtu mmoja akauliza kama tulivunje na paa la Rudell. "Liacheni," Delphia alisema. "Lakini atakayemshukuru chini yake nimsikie mimi."

Rudell alikufa mzee sana, kitandani kwake, usingizini. Walisema alikuwa anatabasamu. Sijamwona Delphia na hasira kama siku ile, hata alipokuwa kijana. Alivaa nguo yake nyeusi akaniambia niwashe gari.

Kanisa la mjini lilijaa. Maua yalifika mpaka mlangoni. Tukakaa nyuma, vikongwe wawili ambao hakuna aliyetujua. Mhubiri wao, mtu mwenye meno mazuri, akasema ndugu yetu Rudell alifanya kazi maisha yake yote, na sasa amekwenda kupumzika.

"Amekwenda kuulizwa," Delphia akasema.

Alisema kwa sauti ya kanisani kwetu, ile inayopita madirisha yaliyofungwa. Vichwa vikageuka. Hakimu alitutazama, nadhani alikuwa anatafuta kifungu cha kutushtaki. Icie, aliyekuwa safu ya kwanza, hakugeuka. Alitikisa kichwa tu, mara moja, kwenda chini na kurudi juu. Mhubiri akapekua karatasi zake, akaendelea na jambo lingine.

Kwenye gari Delphia alilia. Orbin alipozikwa hakulia mbele yangu, wala alipotengwa, wala kijito kilipoingia ndani. Nilisimamisha gari pembeni nikamuuliza kama anajuta kuja.

"Sijuti," alisema. "Najua anaulizwa. Najua kama ninavyojua jina langu." Akafuta pua kwa upande wa nyuma wa mkono. "Lakini nilitaka kuona, wifi. Maisha yangu yote nimeamini bila kuona, na sikulalamika. Hili moja nilitaka nilione kwa macho."

Niliwasha gari, tukapanda njia ya kurudi bondeni, naye akiwa ameshaanza, midomo ikimcheza, kumwambia Mungu kwamba hakutendewa haki.