Siku Wagiriki Waliponigombanisha na Baba Mkwe

Haya chekeni, maana hata mimi nikikumbuka ile Jumapili najifunika uso kwa mto.

Mnajua nafundisha historia. Sasa vijana wa kanisa letu hapa mtaani Tena wakaniomba niwaeleze jinsi michezo ya kuigiza ya Wagiriki wa kale inavyotufunza siasa za enzi zile, nami kwa kujitia msomi nikamwalika Mzee Wafula, baba ya mchumba wangu Nekesa, aje aone binti yake anaolewa na mtu wa aina gani. (Aliona.)

Vijana wakaanza kusinzia, ndipo nikaamua niigize badala ya kueleza. Nikasema kule Athene wachekeshaji walimcheka kiongozi akiwa ameketi papo hapo, kisha nikajitungia kiongozi wangu: nikatoa tumbo, nikajifuta kichwa kwa leso, nikaongea kwa sauti ya puani, "Wananchi, maji yatakuja kesho!" huku najifanya nafunga mfereji kwa siri. Ukumbi mzima kicheko! Nami kichwa kikavimba, nikafunga mfereji tena na tena, mpaka nikagundua hawanitazami mimi. Wanamtazama Mzee Wafula, mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa, ameketi mbele kabisa anajifuta upara kwa leso. (Naapa sikumfikiria, ile leso ilikuja tu!)

Mzee akasimama. "Mwalimu, hao Wagiriki walikuwa wanakaa Tena?"

Ningeomba msamaha ningepona. Lakini wapi, nikakimbilia usomi: "Hapana, mzee. Mchezo si ushahidi kwamba kiongozi alifunga maji. Ni ushahidi tu kwamba watu wake waliamini anafunga."

"Woi! Hata sisi tunaamini!" mtu akapiga kelele huko nyuma.

Mzee akachukua kofia akatoka. Mama Nekesa alibaki kitini, machozi yanamtoka kwa kucheka. "Mwanangu," akaniambia, "hapo umejimaliza."

Kesho yake maji yakatoka mtaa mzima na watu wakanipongeza njiani, jambo lililozidi kuniharibia. Simu zangu Mzee hakushika. Nekesa alimbembeleza wiki nzima ndipo akakubali nimwone, akasema, "Mahari tutaongea. Lakini siku hiyo ataongea mjomba wako. Wewe nisisikie sauti yako."

Nikaapa, na kiapo nikakitimiza. Siku ya mahari nilikaa kama mgonjwa wa koo. Sahani ya kuku ikaja, ikanipita, ikaenda zake, na sikufungua mdomo kuiita.