Treni Iliyofika Kathiani

Naikumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo treni ilitakiwa kufika Kathiani. Usicheke. Najua vilima vya kwetu, najua hakuna reli iliyowahi kuvipanda, na najua umezaliwa na mama anayependa kutia chumvi. Lakini siku hiyo treni ilitarajiwa baada ya chakula cha mchana, na wageni wa kuipokea walikuwa wameshatoka Athi River.

Nimeikumbuka kwa sababu ya simu yako ya juzi. "Mum, treni ya babu imekufa," ulisema. "Ni huyu mtoto wangu Ndinda. Nimemgombeza mpaka amejificha nyuma ya kochi, na bado anasema hajui alichofanya." Nami nikasema nitakujibu kwa maandishi, maana kwenye simu hunipa nafasi ya salamu tu, halafu mtandao wako unakuwa mbaya.

Basi kaa chini. Babu yako, baba yangu, alikuwa mtu wa ishara pale stesheni ya Athi River. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha treni mbili hazisalimiani uso kwa uso. Wenzake walimtania miaka yote. Wafula, rafiki yake wa chanda na pete, ndiye aliyezidi. "Huko kwenu treni haiwezi kupanda," alikuwa akimwambia, "labda mkaifunge kamba mwivute kama mbuzi." Baba akamjibu mbele ya watu: "Siku nikistaafu mtakuja kwangu kula, na mtapokelewa na treni." Ahadi ni deni, na baba hakuwa mtu wa kulala na deni; Jumamosi ile, akiwa amestaafu, ndiyo ilikuwa siku ya kulilipa.

Treni yenyewe unaijua, maana sasa iko sebuleni kwako pamoja na meza yake: injini ndogo ya kijani na mabehewa matatu. Aliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akiuza vitu vyake arudi kwao. Alitengeneza meza pana ya mbao, akachonga vilima vyetu kwa udongo na gundi, akaweka kanisa, soko la Mitaboni na hata ng'ombe wa jirani aliyekuwa akila mahindi yetu. Kazi ya nyaya alinipa mimi. Nilikuwa nimemaliza shule nikisubiri kwenda chuo kikuu, na nilikuwa hodari wa fizikia, jambo ambalo nilihakikisha hakuna mtu pale nyumbani analisahau. Stima haikuwa imefika kijijini, kwa hiyo tulitumia betri ya gari tuliyochajisha Mitaboni. Kutoka kwenye betri waya ulikwenda kwenye swichi, kutoka kwenye swichi ukaenda kwenye reli, na kutoka kwenye reli umeme uliingia kwenye magurudumu na kuiamsha injini.

Ijumaa jioni ilizunguka meza nzima bila kusita. Baba alitikisa kichwa mara moja. Kwa baba, hiyo ilikuwa sherehe.

Jumamosi, mbuzi akiwa tayari kwenye sufuria, nikabonyeza swichi ili nijipongeze tena. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya kile kile. Mwanangu, ule moyo wangu wa fizikia uliniacha hapo hapo. Nikaanza kung'oa nyaya, moja huku, nyingine kule, kama mtu anayetafuta sindano kwa kuchoma godoro.

"Mueni!" Baba alikuwa mlangoni, amevaa suti ya kanisani. "Unafanya nini?"

"Nairekebisha."

"Umejua kilichoharibika?"

"Bado."

"Sasa unarekebisha nini?"

Akavuta kigoda akaketi, taratibu, kama vile wageni hawakuwa njiani na Wafula hakuwa akija na meno yake yote kumcheka. "Treni ikikwama njiani," akasema, "sisi hatung'oi reli kutoka Mombasa mpaka Nairobi. Tunauliza, ilionekana wapi mara ya mwisho ikiwa salama? Ukishapajua hapo, unafuata njia kutoka hapo. Jana jioni hii ilikimbia. Leo imelala. Usiniambie nini kimeharibika. Niambie nini kimebadilika."

Nilirudisha kila waya mahali pake, nimenuna. Kisha nikachukua balbu ndogo ya indiketa ya gari, niliyokuwa nimeifunga vipande viwili vya waya, nikaanza safari. Nikagusa betri, balbu ikawaka. Nikagusa swichi, ikawaka. Nikagusa pale chini nyaya zinapofungwa kwenye reli, ikawaka. Nikagusa mgongo wa reli, pale gurudumu linapokanyaga, na balbu ikalala. Nikakwaruza kwa nguvu, ikapepesa. Ndipo nikapitisha kidole juu ya reli, na kidole kikateleza kama kwenye sabuni.

Nikakinusa. Harufu ile naijua hadi leo, maana ndiyo harufu ya utoto wangu. Yalikuwa mafuta mazito ya kujipaka, yale tuliyopakwa miguuni kila Jumapili hadi nzi wakateleza.

Mama aliingia wakati huo huo, kopo mkononi, akifukuzana na mdogo wangu ambaye goti lake moja lilikuwa bado halijang'aa. Akaona tunaangalia reli. "Mmeona zinavyopendeza?" akasema. "Jamani, zilikuwa zimepauka! Wageni watoke mbali hivyo waone reli imepauka kama miguu ya mtoto asiye na mama?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na hotuba nzima, mwanangu, ina mkondo wa umeme ndani yake na ina kihami, yaani kitu kinachouzuia umeme kupita, na mwisho wake ilikuwa na maneno "umetuharibia." Waliosema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi walikuwa wameniona mimi. Baba akaniwahi. Hakupaza sauti. "Mueni, nimekutuma kutafuta hitilafu, umeipata. Nani amekutuma kutafuta mshtakiwa?"

Kisha akamgeukia mama. "Mama Mueni, umeipendezesha hii reli hadi treni inashindwa kuikanyaga. Tufanyeje?"

Mama alitazama reli, akatazama kopo. Nikaona anaelewa, na nikaona aibu ikimjia. Lakini haikukuta mtu wa kuishikilia mlangoni, ikapita tu. Akacheka. "Ngoja nilete spiriti na kipande cha leso." Akainama, akaanza kupangusa mwenyewe, maana ndiye aliyejua alikopita. Nami nikapangusa upande wa pili. Tulipomaliza nikanyoosha mkono kwenye swichi.

"Ngoja," mama akasema. "Magurudumu je? Nayo niliyapaka. Huko chini kabisa, kwa kidole."

Fikiria hapo, mwanangu. Balbu yangu isingeniambia habari ya magurudumu, maana tayari nilikuwa nimetangaza ushindi. Kama ningekuwa nimetoa ile hotuba, mama angerudi jikoni amefunga mdomo, na treni ya baba ingekwama mbele ya Wafula huku mimi nikichokoa nyaya zisizo na kosa. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Siku ile yalitoa mafuta kwenye magurudumu.

Wageni walipoingia, baba alikuwa amevaa kofia yake ya kazi juu ya suti ya kanisani. Akainua bendera ya kijani. Nikabonyeza. Injini ikatoka soko la Mitaboni, ikapita kanisa, ikampita yule ng'ombe mwizi, ikapanda kilima bila kuvutwa na kamba.

Wafula aliifuata kwa macho mzunguko mzima. Kisha akavua kofia yake. "Kumbe imefika," akasema.

"Na haikuchelewa," baba akajibu. Walipomwuliza fundi ni nani, akatuonyesha sote wawili. "Huyu ni fundi wangu wa umeme. Na yule ni mkaguzi wangu wa njia." Mama akauliza mbuzi naye alipikwa na nani. Nimepata shahada tangu siku hiyo, mwanangu, na nimepigiwa makofi kwenye kumbi zenye viyoyozi. Sijawahi kusimama nikiwa mrefu kama nilivyokuwa kando ya meza ile.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Kitu kilichofanya kazi jana kikikataa leo, usikifumue. Uliza kilichobadilika, kisha anza pale penye uhai ulifuate jambo hatua kwa hatua hadi pale balbu inapolala. Na ukifika hapo, tafuta hitilafu, usitafute mkosaji, kwa sababu mara nyingi nusu ya hitilafu iko kifuani mwa mtu, na mtu aliyetishwa haifungui. Balbu ile ya indiketa iko kwenye droo ya chini ya meza hiyo hiyo. Lakini kabla hujaitoa, nenda nyuma ya kochi, kaa sakafuni, umwombe Ndinda akuonyeshe jinsi alivyoipendezesha treni ya babu. Ni kitukuu wa mama yangu. Mimi nina dhana yangu.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na mikono midogo ya huyo mtoto. Njia zenu ziwe safi, taa zenu ziwake, na nyumbani kwako kusikose mtu wa kukuambia, bila woga, "Ngoja, magurudumu nayo niliyapaka."