Maiti Aliyeuliza Njia ya Oli

Usije ukaniambia nilikuwa na homa. Sikuwa na homa, pombe sikuwa nimeonja, na macho yangu haya yanaona sindano iliyoanguka mkekani. Ninachokusimulia kilitokea hapa Koboko, mji wetu wa mpakani Uganda, kwenye kibanda changu cha chai. Ukitaka kucheka utacheka, lakini nisikilize kwanza.

Mji wetu unakula kwa malori. Yakija kutoka Kongo na Sudani tunapika. Yasipokuja tunakaa tukitazamana. Waziba matairi, wauza mafuta ya madumu, mimi na chai yangu ya tangawizi, sote masikio yetu yako barabarani. Taabu ni kiangazi, maana vumbi jekundu linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa.

Kiangazi kimoja ilipita pikapu kutoka upande wa Kuluba, imefungwa matawi mbele, kama gari linavyofungwa likibeba maiti. Nikasimama kwa heshima. Halafu nikaona jambo lililonikasirisha kweli. Jeneza lilikuwa peke yake nyuma, chini ya turubai. Ndugu wote walikuwa wamejibana mbele, vioo vimefungwa, wanakwepa vumbi!

Kwetu mtu akifia ugenini, lazima mmoja akae naye nyuma akimsemesha njia nzima: hapa ni Kuluba, hapa tunaingia Koboko, twende, tunarudi nyumbani. Asipoambiwa atajuaje? Mwili utafika, mwenyewe atabaki njiani. Hata watoto wa huku wanalijua hilo. Nikasonya, nikarudi jikoni.

Siku chache baadaye, jua likizama, akaja kijana akakaa kwenye benchi langu. Alikuwa na vumbi toka nywele hadi kope, nikamdhania taniboi wa lori. Nikachukua birika nimnawishe mikono, kama ninavyomnawisha kila mteja. Maji yakapita mikononi mwake yakaanguka chini, na vumbi la viganjani halikulowa hata kidogo. Niamini. Birika lilinitoka mkononi.

"Mama, hapa iko wapi?" akauliza.

"Koboko, mwanangu."

"Mimi natafuta Oli, kule Arua. Mimi natembea, natembea, lakini barabara narudisha mimi hapa. Walilalisha mimi nyuma ya gari, wakafunika. Hakuna mutu naongea na mimi."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kukimbia? Mimi sikukimbia. Na nitasema kweli, zaidi ya hofu, nilimwonea huruma. Alikuwa amechoka jinsi sijapata kuona mtu amechoka. Nikamuuliza mama yake ni nani, akasema ni Mama Rose, muuza mihogo wa Oli.

"Kaa hapo," nikamwambia. "Asubuhi nitakupeleka."

Asubuhi alikuwa bado amekaa vilevile, na watu wakipita mbele yake bila kumsalimu. Nikamwendea Papa Musafiri, dereva Mkongo anayekunywa chai kwangu, nikamwomba nafasi mbili kwenye lori lake. Akacheka, akasema mbona anamwona mama mmoja tu. Nikampandisha kijana kwanza, nami nikafuata. Tulipoondoka nikaanza kazi yangu.

"Sasa tunatoka Koboko, mwanangu. Hapa ni Maracha. Hapa ni Manibe, Arua iko karibu."

"Mama," akauliza dereva, "uko naongea na nani?"

"Na abiria wako."

Papa Musafiri akatazama kiti kilichokuwa kati yetu. Kilikuwa kimebonyea. Akashika usukani kwa mikono miwili.

Kule Oli nilionyeshwa nyumba upesi. Kaburi lilikuwa uani, udongo bado mbichi, na Mama Rose amekaa chini kando yake. Nilipomwambia nimetoka wapi na nimemleta nani, hakushangaa.

"Tangu walete yeye, mimi nasema walizika sanduku tu," akasema. "Watu nasema nimepata wazimu."

Nikasimama na kijana pale kaburini, nikamwambia kwa sauti: "Hapa ni Oli. Hapa ni kwa mama yako. Umefika." Mama Rose akaweka kiganja juu ya udongo. Machozi yakaanza kumtoka.

"Sasa yeye iko hapa," akasema.

Laiti yangeishia hapo! Lakini barabara hizi zinaua wengi, na sijui nani aliwapa hao wafu habari zangu. Tangu siku ile wanakuja jua likizama. Mmoja wa Lurujo, hapa karibu, nilimfikisha kwa miguu. Wateja walio hai wamepungua, maana wananiona nikisema na benchi tupu, na hilo nimelizoea. Kinachonila moyo ni huyu aliyepo sasa. Ni mtu mzima, dereva, na lugha yake siijui. Nimewatamkia maneno yake wafanyabiashara wote wa stendi, hakuna aliyeyatambua. Nikimtajia miji ninayoijua, anatikisa kichwa. Mahali fulani kuna mama amekaa kando ya kaburi lisilo na mtu, nami sina la kumfanyia.

Basi sikia, wewe unayenisikiliza. Ukimbeba mtu wako, kaa naye nyuma. Kula vumbi. Mtajie kila mto na kila mji mpaka mlangoni kwake, hata wakikucheka. Usijidanganye kwamba akipotea atafika kwenye benchi langu na mambo yatakwisha. Mimi njia ninazozijua ni za huku tu.