Nilivyohakiki Muziki wa Chuma Kibaha

Nilihamishiwa Kibaha kufundisha Kiswahili sekondari mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sabuni ilikuwa ya foleni na betri za redio zilianikwa juani ili zipate uhai kidogo zaidi. Nyumba niliyopewa ilikuwa imegawanywa mara mbili. Upande wa pili alikaa mwalimu wa hesabu, kijana wa Kizungu kutoka nchi za baridi za kaskazini mwa Ulaya. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba. Kila alasiri akishatoka darasani aliwasha gramafoni yake, na vikombe vyangu vikaanza kugongana kabatini.

Sikuwa mtu wa kuogopa sauti kubwa. Nilizaliwa Kisarawe katika nyumba ya tarumbeta. Baba yangu alikuwa kiongozi wa kikundi cha tarumbeta cha usharika wetu wa Kilutheri, na mazoezi yalifanyika uani kwetu. Lakini sauti ya jirani yangu sikuielewa. Magitaa yalikoroma kama mashine ya kusaga, na juu yake mtu alipiga mayowe. Wiki haijaisha nikaenda kumbishia hodi.

Aliomba radhi kwa Kiswahili chake cha polepole, akanivutia kiti. Alinieleza kwamba dada yake anauza santuri huko kwao, na kila albamu mpya ya muziki huo ikitoka humtumia kwa posta. Zamani alikuwa akiandika maoni yake katika gazeti dogo la wanafunzi wa chuo chao. Hapa Kibaha santuri zilimfikia, ila hakuwa na wa kuzungumza naye.

"Sina mtu wa kubishana naye," alisema. "Sikiliza upande mmoja mpaka mwisho, halafu uniambie ni mbaya."

Nilisikiliza, nikamwambia ni mbaya. Akataka kujua ubaya uko wapi hasa. Hapo nikakwama, maana nilijua kuchambua shairi na riwaya, lakini wimbo nilikuwa nimezoea kuupenda au kuuchukia basi. Niliiazima ile albamu pamoja na gramafoni yenyewe, nikaisikiliza tena peke yangu huku nikisahihisha insha. Safari hii nikagundua kwamba magitaa yalikuwa mawili, na kwamba hayakuwa yakigombana. Moja likisema, jingine linajibu, kisha yanakwenda pamoja kama watu wawili wanaobeba kitanda mlangoni. Nyimbo zenyewe zilikuwa visa virefu vya vita na safari.

Wakati huo nilikuwa mlezi wa gazeti la ukutani la shule. Kwa kawaida lilikuwa na habari za shamba letu kule Ruvu, matokeo ya mpira, na mashairi ya kusifu kilimo. Wiki ile mwanafunzi aliyetakiwa kuandika habari za shamba alilazwa kwa malaria, na karatasi ikabaki na uwazi mkubwa katikati. Nikaujaza kwa uhakiki wa ile albamu. Niliandika kwamba mwimbaji anatumia nguvu nyingi pasipostahili, lakini magitaa yake yana adabu kuliko yeye.

Nilidhani hakuna atakayesoma. Asubuhi yake nikakuta wanafunzi wamejazana ubaoni hata kengele ya mstarini hawakuisikia. Walitaka kujua muziki huo unaitwaje. Mwalimu wa hesabu aliwatajia jina lake la Kiingereza, wakalitamka kila mtu kivyake, mpaka darasa langu la kidato cha tatu likaamua kuuita muziki wa chuma. Na kwa kuwa albamu zilizofuata hazikufanana, ilibidi tuyatafutie matawi yake majina pia. Ule wa kwanza tukauita chuma cha visa. Ikaja nyingine ya mwendo wa kaburini, gitaa zito linaburuta mnyororo, tukaiita chuma cha pole. Kisha ikaja iliyokwenda kasi mpaka nikaandika kwamba mpiga dramu ameachwa na treni ya mizigo stesheni ya Ruvu na sasa anaikimbilia relini. Hiyo ikawa chuma cha mbio. Chuma cha pole nilikisifu sana. Cha mbio nilikipa sifa za mashaka, na mwalimu wa hesabu akanijia na daftari lake kunieleza nilikokosea. Tulibishana barazani mpaka chai ikapoa. Alifurahi kama mtu aliyepona homa.

Mkuu wa shule aliniita ofisini. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kuambiwa nibandue karatasi zangu, kwani enzi zile muziki wa kigeni haukuwa jambo la kusifiwa shuleni. Alikuwa mtu mzima, mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amesoma tahakiki zangu zote.

"Sikukatazi, mwalimu," alisema. "Nauliza tu. Masikio yako ni makali kwa wageni. Muziki wa kwetu umeusikiliza lini?"

Likizo ya Pasaka ikafika, nikaenda Kisarawe na swali lake kichwani.

Asubuhi ya Pasaka nilikaa benchi la nyuma kanisani, nikasikiliza kikundi cha baba kama nilivyozoea kusikiliza santuri. Ilikuwa mara ya kwanza. Nilisikia tarumbeta ndogo zikitangulia na kubwa zikizifukuza. Nilisikia mpiga ngoma akilegea kila anapoona mtu anayemfahamu akiingia. Na nilisikia kwamba baba alikuwa na mwendo mmoja tu. Wimbo wa ufufuo na wimbo wa kumzika mtu, zote alizipiga kwa hatua zile zile.

Niliporudi Kibaha niliandika hayo yote. Niliandika pia kwamba sauti ya shaba ya watu wale ni nzuri kuliko gitaa lolote nililowahi kusikia, na kwamba ndiyo maana inauma kuiona imefungwa kamba mguuni. Sikutaja jina la mtu. Lakini shule ilikuwa na wanafunzi wa kutoka Kisarawe, na maneno yangu yakasafiri.

Jumamosi moja baba akatokea mlangoni, amevaa koti lake la kanisani, na tarumbeta begani ndani ya mfuko wa khanga alioushona mama. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza afya yangu, akanipa salamu za nyumbani. Nikapika ugali na kisamvu. Alikula bila haraka na kunawa mikono.

"Umeandika kwamba sijui kutofautisha furaha na msiba," alisema hatimaye.

"Nimeandika kwamba mwendo ni ule ule, Baba."

Alikung'uta makombo kwenye koti lake. Nje wanafunzi walikuwa wakifagia. Nilitamani anigombeze, kwa sababu upole wake wa namna hiyo niliujua tangu utotoni na nilikuwa siuwezi.

"Sasa huyo anayejua ni nani?" aliuliza. "Nataka kumsikia."

Tukaenda upande wa pili. Mwalimu wa hesabu alimpa kiti chake kizuri, akasema shikamoo vizuri kabisa, kisha akaweka albamu ya chuma cha pole. Baba aliweka mikono magotini na kuinamisha kichwa. Wimbo ulipokwisha akaomba urudiwe. Tulipofika kwenye chuma cha mbio alitabasamu kwa mara ya kwanza, akauliza yule mpiga ngoma anakimbizwa na nani. Kuhusu mwimbaji alisema kwamba analia kama aliyemwagiwa maji ya moto, ila hatoki nje ya sauti, na hilo si kazi rahisi.

Halafu akaifungua tarumbeta yake. Ile sehemu ya gitaa zito, noti chache zinazoburuta, aliitafuta kwa midomo, akaikosa, akaitafuta tena, akaipata. Ilitoka kwenye shaba ikiwa na huzuni ambayo santuri haikuwa nayo. Mwalimu wa hesabu alisimama kwa mshangao, akasahau kugeuza upande.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na enzi zile, kwa uhaba wa mafuta, mchana wa Jumapili magari hayakuruhusiwa barabarani, kwa hiyo baba alibaki nasi mpaka Jumatatu. Tulikaa barazani tukimenya mihogo, na hapo ndipo aliponieleza. Kikundi alikirithi kwa watu waliofundishwa kupiga kwa kufuata fimbo ya mwalimu iliyogonga meza. Wapigaji wake wengi walikuwa wazee, pumzi zao zimepungua, na baadhi hawakusoma noti. Walishika nyimbo kwa kuzoea.

"Nikibadili mwendo wataniacha njiani," alisema. "Nitabaki napiga peke yangu mbele ya usharika mzima. Hilo naliogopa, mwanangu."

Sikuwa nimewahi kumsikia baba akisema anaogopa kitu. Nilimwambia sikuyajua hayo nilipoandika. Akasema hata ningeyajua nisingekosea, kwani aliyekaa benchini husikia muziki, hasikii sababu. Nilimuuliza kama angeweza kujaribu wimbo mmoja tu, wapige pole kama msiba kweli, kisha waufungue kwa kasi. Kabla ya kupanda basi Jumatatu asubuhi aliniomba nimwandikie ile noti ya mwisho ya gitaa zito aliyokuwa haikumbuki vizuri, na mwalimu wa hesabu ndiye aliyemchorea kwenye karatasi ya grafu.

Miezi ikapita. Mama alinitumia ujumbe kwa mtu kwamba uani hakulaliki, wazee wanafanya mazoezi kila jioni na wanagombana kama vijana. Sikukuu ya mavuno ilipofika tulisafiri mimi na mwalimu wa hesabu mpaka Kisarawe, kupitia Dar es Salaam na Pugu.

Ibada ilikuwa nje kwa sababu kanisa halikutosha. Watu waliweka mihogo, korosho na mafungu ya mpunga mbele ya meza. Majirani zetu Waislamu, wenye maduka madogo ya barabarani, walisimama upande wa pili wa ua kama kawaida yao, maana tarumbeta hazikuwa na dini. Baba aliinua mkono. Tarumbeta kubwa zikaanza zenyewe, chini kabisa, noti zile zile za kuburuta, na juu yake wimbo wetu wa zamani ukaingia polepole, mpaka mama mmoja mbele yangu akajifunika khanga usoni. Kisha baba akageuka, akawatazama wazee wake, akaharakisha.

Nusura wasambaratike. Mpiga tarumbeta kubwa alibaki nyuma, mwenzake akapaa mbele, na kwa kitambo hapakuwa na wimbo bali vipande. Nilimwona baba amekodoa macho. Lakini mpiga ngoma, yule wa kulegea, alikuwa amefumba macho ili asimwone mtu yeyote, akaushikilia mwendo kwa nguvu zake zote, na mmoja mmoja wakamrudia. Walimaliza pamoja. Watu walikuwa wamesimama, na upande wa pili wa ua walikuwa wakipiga makofi.

Baada ya chakula baba alinijia, jasho bado linamtiririka, akaniuliza nitaandika nini. Nikamwambia nitaandika kwamba walipotea katikati. Akasema ni kweli, walipotea, na kwamba Krismasi hawatapotea. Tayari vijana wanne walikuwa wamemwomba kuingia kikundini.

Mwaka uliofuata ilifika albamu ambayo jaladani wanaume walikuwa wamepaka rangi midomoni na kutunisha nywele kama bibi harusi. Niliandika kwamba ni mapambo matupu, chuma chake ni bati. Wasichana wawili wa kidato cha nne, waliokuwa wakija barazani kusikiliza santuri, wakaniletea karatasi ya kunipinga. Walisema nimeangalia jalada badala ya kusikiliza, na kwamba wimbo wa tatu una furaha ambayo mwalimu wao ameizibia masikio. Niliirudia santuri ile jioni hiyo, nikausikiliza wimbo wa tatu mpaka mwisho. Asubuhi nikaibandika karatasi yao juu ya yangu, nikawaambia albamu ijayo wataandika wao.