Kambo Mwadi, juge ya bitabu pa karanga ya Papa Feruzi

BITABU ILIPONA! Caisse, sanduku ya yote yenye iko muzuri, bantu yangu, yote! Na njo kambo, nyanya yangu, aliiponesha, ule mwenye anabishanaka na télé. Leo amenipa habari yote, na minyi nikasahau hata kuangalia ba-message. Minyi! Ngojeni nibaambie.

Ilikuwa wakati ya Zaïre. Kambo Mwadi alikuwa angali kijana, bibi ya soda moja, askari fundi, mécanicien ya ndege ku Base ya Kamina. Kusoma alijifunza kwa ba-masœur, masista, kwabo Kinkondja, na akaipenda sawa samaki ya ziwa ya kwabo. Shida: mu camp hakukuwa kitu ya kusoma. Alikuwaka anasoma maandiko ya ku bidon ya mafuta, mbele na nyuma, halafu anaambia bwana yake: "Mwanzo iko muzuri. Mwisho balikimbia."

Siku moja anapita pa Papa Feruzi, muuza karanga, muntu ya Maniema, kibanda yake karibu na mulango ya Base. Anamukuta na caisse ya bitabu. Mwalimu moja muzungu alirudia kwabo, akaiacha, na Papa Feruzi akainunua juu ya kupata karatasi tu. Anapasula page, anakunja cornet, anatia karanga.

Kambo akapiga kelele. "Papa Feruzi! Unaua!"

"Naua nani? Naweka karanga mu nguo."

"Umeisoma kwanza?"

"Mama Mwadi, karanga haiulizake."

Kambo alishika caisse sawa mutoto yake. Hakutaka kitu ingine: bitabu isipasulwe. Papa Feruzi akakuna kichwa. "Basi soma weye. Yenye iko mubaya, napasula. Yenye iko muzuri, naacha. Lakini usiniambie yote iko muzuri! Bantu batabebea karanga mu kinywa?"

Njo vile kambo alikuwa juge. Kila kisha-midi, kisha saa sita ya muchana, anaikala ku kiti ya kibanda, anahukumu, na bantu banasikiliza, banatafuna.

Kitabu ya kupika: "Hii iko ya uongo kuliko yote. Siagi, divai, tena siagi. Nimetafuta bukari, ugali yetu, mpaka mwisho, hakuna. Hawa bantu banashiba na nini? Pasula!"

"Acha picha ya gâteau!" Zuena, bibi ya Papa Feruzi, analia. Bakamuachia ile keki.

Kitabu ya kufuga sungura: "Roman, hadithi ya famille. Banazaa, banazaa, hakuna hata moja anauliza watakula nini. Nimelia. Acha."

Kitabu ya moteur ya ndege: "Kaza hapa, kaza pale, ukisahau tutakufa. Moyo yangu ilikuwa juu, juu! Mwisho, ndege haikuanguka. Nimekasirika. Pasula."

Siku ile bwana yake, mécanicien, alikula bukari akimupa mugongo.

Roman ya mapenzi: "Docteur anapenda infirmière, muuguzi wake, anaangalia dirisha. Page ingine, tena dirisha. Kwetu Kinkondja tungetuma shangazi na kuku, ikwishe! Lakini acha, nataka kumutukana tena."

Na mashairi? Kambo akafungua, akaona maneno kidogo katikati, pembeni yote nyeupe. "Hii," akasema, "muntu aliiandika akiwaza karanga." Minyi nilicheka mpaka téléphone ikaanguka!

Halafu akashika kitabu munene ya polisi. Muzee moja tajiri anakufa na sumu mu supu. Nani alitia? Kambo hakuhukumu, alianza kuisimulia, kidogo kidogo, kila siku. Bantu bakakuwa wengi. Bokungu, soda mukubwa wa mwili, muntu ya Équateur, alikuwaka anasema: "Ni mupishi! Minyi najua bapishi!" Zuena anasema: "Weye! Ni mutoto ya ndugu yake, ule mwenye anachekacheka."

Ikafika siku bitabu mubaya yote ilikwisha. Karanga iko, bantu banapanga mustari, karatasi hakuna.

"Mama Mwadi, nipe moja."

"Yote yenye imebaki iko muzuri."

"Njo nilikuambia!" Na Papa Feruzi akakamata ile ya polisi, juu iko munene. Sasa musikie: Papa Feruzi alikuwaka anapasula kuanzia nyuma, juu page ya mbele ilikuwa na vumbi. Page ya nyuma! Njo kwenye jina ya muuaji iko!

Kambo akafunga macho. Vidole ya Papa Feruzi juu ya page. Wa kwanza mu mustari: Bokungu.

"Ngoja!" Bokungu akalalamika. "Unataka minyi nijue muuaji peke yangu, na chumvi juu?"

"Unataka karanga ao hautaki?"

Bokungu akaangalia kitabu. Akaangalia karanga. Akavua béret, kofia yake. "Tia hapa!"

"Mu béret? Ya serikali?"

"Tia, nasema!"

Papa Feruzi akatia. Wa pili akafungua mufuko. Wa tatu akakunja pembe ya kikwembe, kitenge yake. Mama moja akatoa kifuniko ya sufuria, na muzee moja, Muungu amusamehe, kiatu. Sinia ya karanga ikakwisha, hata page moja haikupasuka. Papa Feruzi akasimama na kitabu mu mukono, mustari yote inamuangalia, akamurudishia kambo.

"Kamata," akasema. "Lakini soma leo mpaka mwisho. Minyi pia nilisema mupishi."

Kambo akasoma. Muuaji alikuwa ni notaire, ule mwenye aliandika urithi ya muzee! Hakuna mwenye alimudhania, bakatukana notaire mpaka giza. Kesho yake bantu bakakuja na sahani zabo, na mu camp, wakati ya kusalimia bendera, Bokungu alivua béret na maganda ya karanga ikamumwangikia mpaka mu masikio.

Papa Feruzi alimuachia kambo caisse na yenye ilibakia, na ingali mu chumba ya kambo. Nimeanza na sungura.

Kama mumesoma mpaka hapa, tafazali, mutumie bengine habari hii.